Mwanaanga Aliyezuiwa Kuruka Si Kasoro ya Filamu

Desemba ikiingia, maswali ya wageni wetu hubadilika. Kazi yangu ni kuongoza maonyesho ya nyota katika planetariamu moja huku Marekani. Watu huketi gizani chini ya kuba, projekta ikawamwagia anga lote juu ya vichwa vyao, nami nikawaeleza wanachokiona. Miezi mingine huulizwa kuhusu mashimo meusi na kupatwa kwa jua. Msimu huu huulizwa kuhusu filamu, hasa Under the Christmas Sky ya chaneli ya Hallmark, iliyotoka 2023. Jessica Parker Kennedy ameigiza humo kama Kat, mwanaanga anayezuiwa kuruka kabla ya safari yake ya kwanza, ambaye anajikuta akiandaa maonyesho ya Krismasi ya planetariamu pamoja na David, anayeigizwa na Ryan Paevey. Kinachofuata, yeyote anayezijua filamu hizi anaweza kukisimulia hata kabla hajaitazama.

Maoni ya watazamaji wa filamu za aina hii yanatofautiana sana. Wapo wanaozipenda kwa sababu hasa mwisho wake unajulikana. Mtu amechoka na mwaka mzima wa habari mbaya, anataka saa mbili ambazo hakuna atakayekufa. Wapo wanaohesabu vikombe vya kahawa vitupu ambavyo waigizaji hujifanya kunywa. Na wapo wale wanaonijia mimi, kwa kuwa kazi yangu inahusu anga, wakiuliza ni mwanaanga gani huyu ambaye muda wake mwingi anaumalizia chini ya kuba badala ya ndani ya roketi. Wanaona wamedanganywa: waliahidiwa anga, wakapewa jengo.

Kundi hili la mwisho nataka kulijibu kwa kirefu, maana naamini wamelilaumu jambo ambalo ndilo la kweli kuliko yote katika hadithi ile.

Upande wa uzalishaji niupitie haraka. Filamu ya Krismasi ya televisheni hupigwa kwa takriban wiki tatu, mara nyingi Kanada, mara nyingi theluji ikiwa ni ya bandia. Muswada hugawanywa katika vipande tisa hivi ili matangazo ya biashara yapate nafasi, na katika saa mbili za ratiba filamu yenyewe hubaki na dakika 84 au karibu na hapo. Kuonyesha mtu anaelea bila uzito ni gharama. Waliotengeneza filamu ya Apollo 13 ya mwaka 1995 walipanda ndege ya mafunzo ya NASA, shirika la anga la Marekani, aina ya KC-135, iliyokuwa ikipaa na kushuka kwa mkunjo ili kuwapa sekunde zipatazo 25 za kuelea kwa kila mzunguko. Filamu ya wiki tatu haina fedha wala muda wa kufanya hivyo. Planetariamu ndiyo anga pekee inayoweza kukodiwa kwa siku chache, ikiwa tayari na nyota zake. Hiyo ni sababu ya kibajeti, na siioni aibu.

Ila hata angekuwa na fedha zote za dunia, mwandishi wa hadithi hii angefanya vyema kumwacha mwanaanga wake ardhini. Sehemu kubwa ya maisha ya mwanaanga ni kungoja, na baadhi yao walingoja kwa uchungu ambao hakuna filamu ya Krismasi iliyowahi kuukaribia.

Chukua Deke Slayton. Alikuwa mmoja wa wale wanaanga saba wa kwanza walioteuliwa na NASA mwaka 1959. Mwaka 1962, miezi michache tu kabla ya safari yake, madaktari wakamzuia kwa sababu moyo wake ulikuwa ukipiga bila mpangilio mara kwa mara. Nafasi yake akapewa Scott Carpenter, akaruka Mei mwaka huohuo. Slayton hakuondoka. Alibaki NASA akawa kiongozi wa wanaanga, na akawa ndiye anayepanga nani ataruka na lini. Fikiria kazi hiyo: kukaa mezani mwaka baada ya mwaka ukiwapa wenzako safari ambayo wewe umenyimwa, pamoja na ile ya kwenda kutua Mwezini. Aliruhusiwa tena mwaka 1972, na Julai 1975 akaruka katika safari ya pamoja ya Apollo, chombo cha Marekani, na Soyuz, chombo cha Wasovieti, akiwa na umri wa miaka 51. Miaka 13 ya kungoja. Mtazamaji anayesema hadithi ya mwanaanga aliyezuiwa haina uzito, namwomba aanze hapa.

Kisha yuko Ken Mattingly, ambaye kwangu ndiye hoja nzima. Aprili 1970, siku tatu kabla ya Apollo 13 kurushwa, alitolewa kwenye kikosi kwa sababu alikuwa karibu na mwenzake Charlie Duke aliyepata rubela, ugonjwa wa kuambukiza, na vipimo vilionyesha kwamba Mattingly hana kinga. Jack Swigert akachukua kiti chake. Mattingly hakuugua kamwe. Tangi la oksijeni lilipolipuka njiani kuelekea Mwezini, yeye alikuwa Houston, mzima wa afya, na alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta namna ya kukiwasha tena chombo kwa umeme kidogo uliobaki ili wenzake watatu waweze kuingia angahewa na kutua. Kubaki kwake ardhini kukawa msaada kwa walioruka.

Safari yake ilikuja miaka miwili baadaye, Apollo 16, Aprili 1972, na Charlie Duke yuleyule akiwa ndani ya chombo. Na hapa kuna kisa ambacho kingeandikwa kwenye muswada wa Hallmark, watu wangesema kimezidi. Mwanzoni mwa safari, Mattingly alipoteza pete yake ya ndoa. Ilimponyoka ikaelea, ikapotelea mahali fulani ndani ya chombo, na hawakuiona kwa siku kadhaa. Wakati wa kurudi nyumbani Mattingly alitoka nje kuchukua mikanda ya filamu, mlango ukiwa wazi, na Duke akaiona pete inaelea polepole kuelekea nje. Aliinyooshea mkono, akaikosa. Pete ikatoka, ikagonga kofia ya Mattingly kwa nyuma, ikarudi kwa njia ileile iliyoijia, na Duke akaidaka. Kama kuna mtu anayesema mahaba na anga havikai pamoja, mpeni kisa hiki. Mattingly alifariki Oktoba 31, 2023, mwaka uleule filamu ya Kat ilipotoka.

Wakati huohuo, mwanaanga halisi alikuwa bado anangoja zamu yake. Jeanette Epps aliteuliwa na NASA mwaka 2009. Alipangiwa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa chombo cha Soyuz katikati ya 2018, kisha mwezi Januari mwaka huo akaondolewa kwenye kikosi bila sababu kutangazwa hadharani. Aliruka Machi 2024, miaka 15 baada ya kuteuliwa. Nilipokuwa nikisoma maoni ya watu wakimwona Kat kama mhusika asiyewezekana, nilikuwa nikimfikiria Epps.

Lalamiko la pili, kwamba planetariamu ni mapambo tu, linanigusa kwa karibu zaidi kwa sababu ni kazi yangu. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kuna planetariamu ya Morehead, iliyofunguliwa 1949. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1975, wanaanga wa Mercury, Gemini na Apollo, miradi ya safari za anga ya NASA, walikuwa wakienda pale kujifunza nyota. Waliketi chini ya kuba, walimu wakiwazungushia anga, nao wakitambua nyota moja baada ya nyingine hadi wanazijua kama nyuso za ndugu zao. Kompyuta za wakati ule zilihitaji mtu wa kuzielekeza: mwanaanga alilenga nyota inayojulikana, akaiambia mashine ni ipi, na chombo kikajua kimeelekea wapi. Elimu hiyo ilitumika. Mwaka 1963 mitambo ya kujiongoza ya chombo cha Gordon Cooper iliharibika, akakishusha kwa mikono, akitumia saa yake na nyota alizokwisha kuzikariri. Novemba 1969, Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili muda mfupi baada ya kurushwa, na wanaanga wakalazimika kuurekebisha upya mfumo wa uelekezaji kwa kuzisoma nyota.

Mwanaanga ndani ya planetariamu, basi, yuko shuleni kwake. Na Krismasi ndani ya planetariamu ni desturi ya zamani huku: Morehead na nyumba nyingi za aina yake zimekuwa na onyesho la Nyota ya Bethlehemu kila Desemba kwa miongo mingi. Familia huja kizazi hadi kizazi. Waandishi wa filamu ile hawakubuni kitu kigeni walipoweka Krismasi chini ya kuba.

Hata angani kwenyewe Krismasi ilifika zamani. Desemba 16, 1965, Wally Schirra na Tom Stafford waliokuwa ndani ya Gemini 6 waliripoti kwamba wanaona chombo cha ajabu kikitoka kaskazini, kisha wakapiga wimbo wa Krismasi kwa kinanda cha mdomo na kengele ndogo walizozificha. Mwaka 1973, wanaanga watatu wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, walijitengenezea mti wa Krismasi kwa makopo ya chakula. Mahaba nayo yamefika huko: mwaka 2003 mwanaanga wa Urusi, Yuri Malenchenko, alifunga ndoa akiwa kituoni angani, bibi harusi akiwa Houston, kwa kuwa sheria za Texas ziliruhusu bwana harusi kuwakilishwa.

Mimi mwenyewe nina lalamiko, na ningependa watazamaji wanisaidie kulipaza. Filamu za Krismasi, karibu zote, huchora anga bila kumuuliza mtu. Wapenzi husimama kwenye mtaa wenye taa elfu, juu yao nyota zimesongamana kama za jangwani. Taa hizo hizo huzifuta nyota nyingi. Mjini utaziona chache tu. Kosa linaloniudhi zaidi ni Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga. Picha wanayoipenda ni ile ya kitovu chake, yenye wingu nene linalong'aa. Kitovu hicho kiko upande wa kundi la nyota la Mshale, na Desemba Jua liko upande huohuo. Kwa maneno mengine, usiku wa mkesha wa Krismasi kitovu cha Njia Nyeupe kimezama pamoja na Jua. Hakionekani Chapel Hill, hakionekani Mombasa. Ni picha ya Julai iliyobandikwa juu ya theluji.

Linaniudhi kwa sababu anga halisi la Desemba ni zuri kuliko hilo la kubandika, tena halihitaji bajeti yoyote. Jua likishazama, Kilimia kiko juu upande wa mashariki, na wazee wa pwani walikitazama kwa ajili ya mvua na kilimo muda mrefu kabla ya planetariamu ya kwanza kujengwa. Baada yake anapanda Orion na zile nyota tatu za mkanda wake, kisha Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Katikati ya mwezi kuna mvua ya vimondo vya Geminidi, kilele chake kikiwa usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, na mtu aliyepata mahali pa giza anaweza kuona vimondo vingi kwa saa moja. Waandishi wa mahaba wanatafuta nini kingine?

Kwa hiyo mkitazama filamu hizi mwaka huu, msimlaumu mwanaanga aliyeko ardhini. Tazameni juu ya vichwa vya wapenzi. Mkesha wa Krismasi kabla ya usiku wa manane lazima Orion awepo. Kwenye mji wa Marekani atakuwa upande wa kusini, nusu ya njia kupanda angani au zaidi kidogo. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa atapita karibu na utosi. Mkiona kundi la Nge badala yake, hapo mna haki ya kulalamika, kwa sababu Nge wakati huo huchomoza alfajiri tu, muda mfupi kabla ya Jua.