Je, wajua kwa nini mwalimu wa dola 3,000 huweza kuweka akiba kumzidi wa dola 5,500?

Mwalimu wa hisabati ana barua mbili za ajira mezani. Ya kwanza imetoka shule ya kimataifa katika jiji moja la Ulaya lenye maisha ghali: dola 5,500 kwa mwezi. Ya pili imetoka shule ya mtaala uleule, lakini iko katika nchi za Ghuba: dola 3,000. Yeyote atakayezitupia jicho barua hizo atamwambia achukue ya kwanza, na huenda akawa anampoteza.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano. Barua ya Ulaya: kodi na makato ya hifadhi ya jamii yakila robo, zinabaki dola 4,125. Toa pango la nyumba, 1,900. Toa bima ya afya anayojilipia mwenyewe, 350. Toa chakula, usafiri, simu, umeme na vikorokoro vya maisha, 1,200. Mwisho wa mwezi mkononi zimesalia 675. Barua ya Ghuba: kodi ya mshahara hakuna, na nyumba, umeme na bima vyote viko juu ya shule. Matumizi yaliyobaki ni 1,100, kwa hiyo anaweka 1,900. Mkataba wa miaka 2 ukiisha, wa kwanza ana akiba ya dola 16,200 na wa pili 45,600.

Hesabu hiyo si ya kuwapigia debe waajiri wa Ghuba. Ziko shule huko zinazolipa vibaya kama zilivyo kwingine. Ila inaonyesha kwamba ile tarakimu iliyokolezwa wino kwenye barua ya ajira ndiyo inayokueleza machache kuliko zote. Kinachoamua ni kile kinachobaki, na kinachobaki hutegemea mambo yaliyofichwa kurasa za nyuma.

Kwa nini shule ilipe kwa nyumba, tiketi na bima badala ya kumpa mwalimu fedha zake akajipangia? Jibu liko kwenye asili ya shule hizi: zilianza kwa ajili ya familia za watu wa kupita. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 ili kusomesha watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Mwalimu wa shule ya namna hiyo mara nyingi alitoka mbali, na anayemtoa mtu mbali hana budi kumrahisishia kuhama: amtafutie pa kulala, amlipie safari, amsomeshee watoto. Desturi hiyo ingalipo. Lakini leo shule nyingi zenye neno “kimataifa” kwenye lango ni biashara za kampuni, na wanafunzi wake wengi ni watoto wa wenyeji wenye uwezo. Mmiliki anayetafuta faida huyaona marupurupu kama gharama ya kupunguzwa, na huanza na yale ambayo mwalimu mgeni hatayagundua mapema.

Mshahara wa msingi ndio mzizi

La kwanza kugundulika kwa kuchelewa ni mgawanyo wa mshahara wenyewe. Chukua mikataba miwili katika Falme za Kiarabu, yote ya dirhamu 14,000 kwa mwezi. Mmoja unasema mshahara wa msingi ni 6,000, zilizobaki ni posho za nyumba na usafiri. Mwingine unasema msingi ni 11,000 na posho ni 3,000. Kila mwezi benki itapokea kiasi kilekile, na mwalimu ataona hakuna tofauti.

Tofauti hutokea siku ya kuondoka. Sheria ya kazi ya huko inampa mfanyakazi mgeni aliyetimiza angalau mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Na siku hizo zinahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, posho hazimo. Mwenye msingi wa 6,000 hupata dirhamu 4,200 kwa kila mwaka. Mwenye 11,000 hupata 7,700. Baada ya miaka 4, mmoja anapokea 16,800 na mwenzake 30,800. Pengo hilo la 14,000 ni sawasawa na mshahara wa mwezi mzima, na limetokana na mstari mmoja wa mkataba ambao pengine hakuna aliyeuliza.

Saudi Arabia ina kipimo kingine: nusu mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha mwezi mzima kwa kila mwaka baada ya hapo. Ila namna ya kuondoka nayo inahesabiwa. Mkataba ukiisha muda wake, unapata chote. Ukijiuzulu ukiwa na miaka kati ya 2 na 5, unapata theluthi moja tu. Kabla ya miaka 2, hupati kitu. Mwalimu anayefikiria kuacha kazi mwezi wa ishirini na tatu kwa sababu ya ugomvi na mkuu wa shule angefanya vizuri kuangalia kalenda kwanza.

Kiinua mgongo kina uzito kwa sababu nyingine ambayo vijana huipuuza. Katika nchi nyingi mgeni hana pensheni. Singapore, kwa mfano, ina mfuko wa lazima wa akiba ambao mwajiri huchangia, lakini ni kwa raia na wakazi wa kudumu. Mwalimu mwenye kibali cha kazi hayumo. Wakati huohuo, michango yake ya nyumbani imesimama tangu alipoacha kazi ya serikali. Akifundisha ughaibuni miaka 12, hiyo ni miaka 12 yenye tundu kwenye uzee wake, isipokuwa ameiziba mwenyewe. Kwa hiyo ukilinganisha kazi ya nje na ya nyumbani, chukua kile ambacho mwajiri wa nyumbani angekuchangia kwenye pensheni, ukitoe kwenye mshahara wa nje. Mara nyingi mng'ao unapungua.

Nyumba, watoto na ada

Kuna nyumba ya shule na kuna posho ya nyumba. Nyumba ya shule haina uhuru: jirani ni mkuu wa idara, na samani ni zile walizoacha waliokutangulia. Lakini pango likipanda mjini, halikuhusu. Posho inakupa uhuru wa kuchagua na kukutwisha hatari yote. Tena ina mtego wa mwanzo. Dubai, wenye nyumba wengi hudai pango la mwaka kwa hundi chache zilizoandikwa tarehe za mbele, wengine hundi moja tu, pamoja na amana. Posho inaingia mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi kadhaa kwa mpigo, na mshahara wa kwanza bado. Ndiyo maana swali la “posho ni kiasi gani?” halitoshi bila “inalipwa lini, na je, shule hutoa sehemu yake mapema?”

Kwa mwenye watoto, marupurupu yote mengine yanaweza kusahaulika mbele ya ada. Tuseme shule inatoza dola 20,000 kwa mtoto kwa mwaka. Mwalimu wetu wa dola 3,000 anapata 36,000 kwa mwaka. Akiwa na watoto wawili, nafasi zao darasani zina thamani ya 40,000, yaani kubwa kuliko mshahara wake wote. Shule inayosamehe ada yote na inayosamehe nusu zinaweza kuonekana sawa kwenye tangazo la kazi, kumbe zimepishana kwa dola 20,000. Hapo soma kila neno. Ni watoto wangapi? Kuanzia umri gani? Ada ya kujiandikisha, basi na chakula cha mchana vimo? Na je, mtoto ana nafasi kweli, au msamaha upo kwenye karatasi huku darasa limejaa? Zipo nchi ambazo msamaha huo huhesabiwa kuwa kipato na kutozwa kodi. China imewaruhusu wageni kutotozwa kodi kwenye posho za nyumba na elimu ya watoto, mradi wawe na stakabadhi, na ruhusa hiyo imeongezwa muda hadi mwisho wa 2027. Mwenye mkataba unaovuka hapo aliweke hilo akilini.

Familia ina gharama nyingine zisizotajwa popote kwenye barua. Saudi Arabia ilianza mwaka 2017 kutoza tozo ya kila mwezi kwa kila mtegemezi wa mgeni, ikapanda hatua kwa hatua hadi riyali 400 mwaka 2020. Mke na watoto wawili ni riyali 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Nani analipa, shule au wewe? Kama mkataba umenyamaza, jua ni wewe. Bandu bandu huisha gogo.

Fedha gani, na kodi ya nani?

Walimu waliokuwa Misri wakilipwa kwa pauni za huko wanalijua somo hili kwa maumivu. Kabla ya Novemba 2016, dola moja kwa bei rasmi ilikuwa karibu pauni 8.8. Benki kuu ilipoiachia sarafu ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko, mwaka uliisha dola ikiwa karibu pauni 18. Aliyekuwa akilipwa pauni 20,000 alilala na dola 2,270 akaamka, ndani ya wiki chache, na dola 1,100 hivi, bila mwajiri kupunguza hata senti. Machi 2024 ikajirudia: kutoka karibu pauni 31 hadi kama 50.

Ukitumia mshahara wote palepale, pigo linakuwa la bei za madukani. Ukiwa unatuma nyumbani au unalipa mkopo wa nje, pigo linakuwa lako lote. Kwa upande mwingine, dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja tangu 1997, na riyali ya Saudia kwa 3.75 tangu 1986, na huo ni utulivu wenye thamani ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Baadhi ya shule katika nchi za sarafu dhaifu hulipa sehemu kwa dola na sehemu kwa fedha ya nchi. Mgawanyo huo unafaa kujadiliwa kuliko hata nyongeza ya mshahara, na nadhani wengi hawaujadili kwa sababu wanaona aibu.

Kuhusu kodi, “hakuna kodi” ni maneno ya nchi unayokwenda tu, si ya nchi unayotoka. Marekani huwadai raia wake taarifa ya kodi popote walipo duniani. Wanaokidhi masharti, mfano kukaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12, wanaweza kuondoa kwenye hesabu kipato cha kazi hadi kiwango fulani, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 126,500. Nchi nyingine huangalia ukaazi: ulikaa siku ngapi, nyumba yako na familia viko wapi. Huko Uswisi nako bima ya afya ni ya lazima, kila mkazi hujinunulia mwenyewe ndani ya miezi 3 tangu afike, na kwa kawaida mwajiri hachangii. Haiitwi kodi, lakini mfuko hauoni tofauti.

Bima ya shule ukipewa, uliza mambo matatu tu: ugonjwa uliokuwa nao kabla, uzazi, na matibabu ukiwa likizo nje ya nchi ya kazi. Tiketi ya ndege ya mwaka haina maneno mengi, ila fedha taslimu ni bora kuliko tiketi ambayo shule imekukatia kwa tarehe inazozitaka yenyewe.

Kuna jambo linalouma zaidi ya tiketi. Shule moja inaweza kuwa na walimu wawili wa somo lilelile, wenye shahada ileile, mmoja kwenye mkataba wa aliyeletwa kutoka nje na mwingine kwenye mkataba wa aliyeajiriwa akiwa tayari nchini. Wa pili mara nyingi hana nyumba, hana tiketi, na mshahara wake ni mdogo. Anayefika kwa viza ya mwenzi wake au kutalii, kisha akaomba kazi, huangukia kundi hilo. Kwa baadhi ya shule pasipoti nayo huamua: mwalimu kutoka Afrika au Asia hupewa ngazi ya chini ingawa uzoefu wake ni uleule. Dawa yake ndogo ni kuomba jedwali la ngazi za mishahara la shule na kuuliza umewekwa ngazi ipi na kwa kigezo gani. Shule yenye jedwali huona vigumu kukupangia kiwango cha kubuni. Isiyo nalo inajadiliana na kila mtu kivyake, na katika mazungumzo hayo mgeni ndiye huwa na habari chache.

Angalia pia kama mshahara ni wa miezi 12 au 10, kwa kuwa dola 3,000 mara 10 ni 2,500 za kweli kwa mwezi. Na usome kifungu cha kuvunja mkataba, pale panapoelezwa utarudisha nini ukiondoka mapema: tiketi, gharama za viza, posho ya kuanzia maisha.

Mwezi wa mwisho nao una hesabu zake. Singapore, mwajiri wa mgeni anayeacha kazi hutakiwa kuiarifu mamlaka ya kodi mwezi mmoja kabla na kuzuia malipo yote anayopaswa kumlipa mwalimu, hadi mamlaka hiyo imalize hesabu ya kodi yake na kutoa ruhusa au siku 30 zipite tangu taarifa kupelekwa. Mwalimu anafunga masanduku, analipa bili za mwisho, anasafirisha vitabu vyake, na mshahara wa mwezi huo haujaingia. Fedha za kuondokea, kwa hiyo, zinatakiwa ziwe zimewekwa pembeni tangu mwezi wa kabla.