Mafunzo ya kusoma kwa kompyuta: kasi inayodhibitiwa na ufahamu

Mafunzo ya kusoma kwa kompyuta ni mazoezi ambayo programu hupanga maandishi yakae kwenye skrini kwa muda gani, kisha humuuliza msomaji swali, na jibu lake ndilo huamua kama zoezi linalofuata liongezwe kasi au la. Hilo swali ndilo kiini. Programu inayokuharakisha bila kukuuliza chochote haikufundishi kusoma, inakuzoesha kutazama maneno yakipita.

Jicho haliserereki juu ya mstari. Hutua, huruka, hutua tena. Kila mtuo huchukua takriban robo sekunde, na kwa anayesoma Kiingereza mruko mmoja huvuka herufi saba hadi tisa hivi. Mara moja moja jicho hurudi nyuma kuokota kilichoponyoka. Muda mwingi hauliwi na misuli ya macho bali na akili inayotambua neno na kuliunga na yaliyotangulia. Kwa hiyo anayeahidi kukufikisha maneno 1,000 kwa dakika kwa kukupanulia upeo wa jicho anakuuzia kusoma juujuu. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Marc Brysbaert wa 2019, uliojumlisha tafiti 190, uliweka wastani wa mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya kwenye maneno 238 kwa dakika, kwa maandishi yasiyo ya hadithi.

Kuna mbinu mbili zinazofaa kutofautishwa. Ya kwanza huonyesha neno moja moja mahali pale pale katikati ya skrini. Programu iitwayo Spritz iliivumisha mwaka 2014. Ni ya kuvutia dakika ya kwanza, lakini ina kasoro tatu: huwezi kurudi nyuma, huoni neno linalofuata (na kwa kawaida jicho huanza kulionja kabla ya kulifikia), na ukipepesa tu, neno limekwenda. Mwaka 2014 mtafiti Elizabeth Schotter na wenzake waliwafunika wasomaji maneno waliyokwisha kuyapita ili wasiyarudie, na ufahamu wao ukashuka.

Mbinu ya pili ni ile ya mtafiti Zvia Breznitz wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli. Sentensi nzima huonekana, kisha herufi zake hufutika moja baada ya nyingine kuanzia mwanzo wa mstari, kwa kasi iliyopimwa kutokana na usomaji wako mwenyewe. Sentensi ikiisha linakuja swali la kuchagua jibu. Ukijibu sahihi mfululizo, muda wa kila herufi hupunguzwa kidogo sana, kwa mfano asilimia 2. Nayo pia inakunyima kurudi nyuma, kwa hiyo ichukuliwe kuwa zoezi, si namna ya kusoma kitabu. Faida yake ni kwamba kasi haipandi mpaka ufahamu uiruhusu.

Kwa Kiswahili tofauti hii ni kubwa zaidi. Programu ya neno moja moja ikitoa milisekunde zile zile kwa kila neno, "na" hupata muda sawa na "wanaoshughulikia". Tena maana ya kitenzi chetu imepachikwa viungo vidogo ndani ya neno: "waliofika" na "walipofika" hutenganishwa na herufi moja tu, na sentensi nzima hugeuka. Kufuta kwa kuhesabu herufi humpa kila neno haki yake. Na usijilinganishe na takwimu za Kiingereza: kipimo kimoja cha lugha 17, kilichochapishwa mwaka 2012 (Kiswahili hakimo), kilikuta wasomaji wa Kiingereza kwenye maneno 228 kwa dakika na wa Kifini, lugha ya maneno marefu kama yetu, kwenye 161. Wafini hawakuwa wazito wa kusoma. Neno lao moja hubeba mengi. Ukitaka kulinganisha lugha, hesabu silabi.

Kabla ya kuanza, pima pa kuanzia. Chukua makala ya maneno 300 usiyowahi kuiona, isome ukitumia kipima muda cha simu, kisha zidisha maneno kwa 60 na ugawe kwa sekunde. Sekunde 105 ni maneno 171 kwa dakika. Funika makala, jibu maswali 10 yaliyotungwa na mtu mwingine. Kwa maswali ya majibu manne, anayebahatisha tu hupata kama 2 au 3, kwa hiyo kuanzia 8 ndipo pa kuamini. Maswali nayo yajaribiwe: mpe mtu ambaye hajasoma makala. Akipata 6, umepima alichokijua kabla, si ufahamu.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, zatosha. Ukizidisha, macho huchoka na majibu huanza kuwa ya kubahatisha, na programu itakushusha kasi bila kosa lako. Ufahamu ukishuka chini ya 8, rudi hatua moja. Kila baada ya wiki mbili jipime kwa makala mpya, tena kwenye karatasi. Hapa ndipo wengi huumbuka: kasi imepanda ndani ya programu, kwenye gazeti iko pale pale. Mara nyingi sababu ni kurudia maandishi yale yale ya mazoezi, au msamiati. Asiyejua "riba limbikizi" hatalielewa hata akipewa dakika nzima. Kompyuta haiwezi kuharakisha neno lisilojulikana.

Mtoto anayeunganisha silabi kwa shida asiwekwe kabisa kwenye mazoezi haya. Atajifunza kukisia neno kwa herufi zake za mwanzo, na tabia hiyo ni ngumu kung'oa. Afundishwe kwanza silabi na sauti zake, kisha apewe kifungu kifupi cha maneno 50 hadi 200 akisome kwa sauti na kukirudia mpaka kitiririke, njia aliyoieleza S. Jay Samuels mwaka 1979. Kwa hilo, kitabu na mtu mzima aliyekaa kando yake vinatosha.