Usinitajie rangi, nitumie picha ya kichwa

Juzi tena, meseji ya usiku kutoka kwa mmoja wa wanaoniomba niwatambulie nyoka: "Kuna nyoka bafuni, ni wa kahawia, kwa hiyo sio koboko maana koboko ni mweusi, si ndiyo?" Picha hakuna. Sio ndiyo hata kidogo. Koboko mwenyewe mara nyingi ni wa kijivu au kahawia iliyochanganyika na kijani cha zeituni, weusi wake uko ndani ya mdomo, na ukifikia kuuona huo mdomo umeachama mbele yako basi habari ya utambuzi imekwisha, rudi nyuma taratibu.

Ila wanaonichosha zaidi ni wa kijani. Kila wa kijani mtu anaapa ni mamba wa kijani (nyoka mwenye sumu wa jamii ya koboko, si yule mamba wa mtoni), fimbo inatembea, kumbe wengi ni wale wembamba wa vichakani wanaokula vyura na hawana sumu. Mimi naanza na gamba la shavu, lile dogo kati ya pua na jicho, mamba na swila hawana, wale wembamba wanalo. Tatizo bumslangi, nyoka wa mitini, naye analo, na sumu yake inazuia damu kuganda, kwa hiyo gamba peke yake halikuokoi, lazima uangalie na jicho (kubwa kupita kiasi kwa kichwa kifupi vile) halafu magamba ya mgongo, yake yana mstari ulioinuka katikati wakati ya mamba ni laini. Rangi sasa: dume mara nyingi kijani, jike kahawia, watoto kijivujivu. Yaani yule "mwingine wa kahawia" uliyemwona kwenye mti huohuo anaweza kuwa mke wa huyu!

Na hata magamba yanadanganya. Mwaka 1957 huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, aliletewa bumslangi mchanga amtambue. Akasita, kwa sababu gamba la tunduni, lile linalofunika tundu la haja, halikuwa limegawanyika kama inavyotarajiwa. Akang'atwa kidole gumba, akawa anaandika dalili zake mwenyewe, kesho yake akafa. Nikisitasita kukujibu mjue ndiyo sababu.

Michoro? Inasaidia kiasi, zile V za mgongoni kwa kifutu nazikubali. Ila kuna mla mayai, sumu hana, meno karibu hana, anavaa madoa ya jamii ya vifutu, anatandaza kichwa kiwe pembetatu na kusugua magamba mpaka yatoe sauti, watu wanakimbia. Kwa hiyo na hiyo ya "kichwa pembetatu ndiye mwenye sumu" itupeni, swila na koboko vichwa vyao ni vyembamba tu. Ule wimbo wa kwamba nyoka mwenye nyekundu kugusa njano ndiye wa sumu ni wa nyoka wa Marekani, ukishuka nao Amerika Kusini umeumia.

Nami hukosea. Nyoka akikaribia kujivua anafifia, flashi ya simu inageuza kijivu kuwa kijani, na mtoto wa koboko ana ukijani fulani hivi, niliwahi kumjibu mtu kuwa ni yule wa vichakani nikajirekebisha baada ya dakika kumi. Dakika kumi hizo sijazisahau.

Piga picha ukiwa mbali, uvute kwa zumu. Akishang'ata usingoje jina lake, hospitali wanatibu kwa kuangalia dalili pia, nenda.

Yule wa bafuni picha ilikuja asubuhi. Ni mkia tu, unaishilia kwenye bomba la maji machafu. Wa kahawia kweli.