Utafiti wa likizo ndefu: mtafute msimamizi kabla ya kutafuta pesa

Kila mwaka ifikapo Aprili, wanafunzi wa mwaka wa tatu huanza kunitumia ujumbe wakiuliza kama najua ufadhili wowote wa kufanya utafiti wakati wa likizo. Wakati huo nafasi nyingi huwa zimeshachukuliwa. Programu za majira ya joto za Ulaya na Marekani hufanyika Juni hadi Agosti, miezi ambayo sisi hapa Nairobi tunajifunika masweta, na nyingi hutangazwa kuanzia Oktoba na kufunga maombi Januari au Februari. Anayetaka kuwa maabara Julai anapaswa kuwa anaandika maombi wakati wa mvua za vuli.

Mimi ni mtafiti wa mbu. Nafundisha, nasimamia wanafunzi, na nimekaa kwenye kamati za kuchagua waombaji. Ninachokiona mara kwa mara ni vijana werevu wanaotafuta neno "ufadhili" kwenye intaneti, kisha wanaomba chochote kitakachojitokeza. Pesa za utafiti hazipatikani hivyo. Ziko kwa mtu mwenye swali analolishughulikia, mwenye maabara, mwenye ruzuku (pesa alizopewa za mradi) ambayo bajeti yake ina kifungu cha kuwalipa wasaidizi. Mpate mtu huyo kwanza. Hata programu kubwa za ng'ambo, ukizichunguza, humchagua mwanafunzi kwa sababu kuna msimamizi aliyesema: huyu nitampokea.

Kabla hujaandika neno moja, soma sharti la nani anaruhusiwa kuomba. Programu maarufu kuliko zote Marekani ni REU, ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, inayogharimiwa na NSF, shirika la serikali la kufadhili sayansi, na pesa zake ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani pekee. RISE Germany, programu ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, inapokea wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Wengi huteleza hapo, kwa kuwa DAAD ina ofisi hapa hapa Nairobi na imesomesha Wakenya wengi shahada za juu. Ni shirika lile lile, lakini mfuko ni mwingine. Nimesoma maombi mazuri ajabu yaliyotupwa kwa sharti la mstari mmoja, na huniuma, kwa sababu mwandishi alikesha akiyaandika.

Zilizo wazi kwetu zipo. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, huchukua pia wanafunzi kutoka nchi zisizo wanachama wake, mradi wawe wamemaliza angalau miaka mitatu ya chuo katika fizikia, kompyuta, uhandisi au hisabati. Vyuo vikuu vya OIST, Okinawa, Japani, na KAUST, Saudi Arabia, hupokea wanafunzi wa nchi yoyote kwa miezi kadhaa, na huwapa nauli ya ndege, malazi na posho. ISTA, taasisi ya sayansi ya Austria, ina programu ya majira ya joto isiyobagua uraia. Hakuna kati ya hizi inayotoza ada ya kuomba. Ukikutana na "programu ya utafiti" inayokudai dola mia kadhaa ili upate nafasi, hiyo ni biashara. Funga ukurasa uendelee na kazi yako.

Ila nitasema wazi ninavyoamini: kwa mwanafunzi wa Nairobi, nafasi ya kwanza iliyo bora haiko Geneva. Iko Kasarani, kwenye kituo cha icipe kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kwa ajili ya kuchunguza wadudu. Iko ILRI, njia ya Kabete, kwa wa mifugo na jenetiki. Iko KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, Mbagathi. Iko ICRAF, Gigiri, kwa wa misitu na udongo. Iko kwenye Makumbusho ya Taifa, ambako kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kufanya kazi katika taasisi hizi, nasi tunazipita kwa matatu kila siku. Tena, aliyewahi kufanya wiki kumi za kazi ya kweli hapa hushindana vizuri zaidi mwaka unaofuata akiomba Okinawa, kwa kuwa ana msimamizi wa kumwandikia barua yenye habari ndani yake.

Tatizo la nafasi za nyumbani ni kwamba nyingi huja kama atachimenti, yaani mafunzo kazini, isiyo na malipo. Basari ya CDF, mfuko wa maeneo bunge, ni ya karo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haukupangwa kwa likizo. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, imekuwa ikilenga zaidi wanafunzi wa uzamili na uzamivu na timu za watafiti. Kwa hiyo wewe wa shahada ya kwanza utaingilia kwa mtafiti ambaye tayari ana ruzuku. Mwulize bila haya, lakini mpelekee hesabu. Anayekaa Rongai na kufanya kazi Kasarani hupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, akibadilisha mjini. Ni nauli 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 10: nauli 200. Andika hivyo hivyo, weka bei ya kila nauli, ongeza chakula cha mchana, bando za intaneti, na koti la maabara. Mtafiti mwenye kifungu cha wasaidizi akiona jedwali la namna hiyo anaweza kuamua siku hiyo hiyo. "Nahitaji msaada kidogo wa kujikimu" haimpi cha kuamua.

Sasa ile barua pepe ya kwanza. Hapa ndipo wengi hupotelea. Barua ninazopokea zaidi husema: "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, natafuta nafasi yoyote ya utafiti katika maabara yako." Siwezi kuifanyia chochote, maana ingeweza kutumwa kwa mtu yeyote. Linganisha na hii, ambayo nimeitunga kwa mfano:

"Daktari, nasoma baiolojia mwaka wa tatu. Nimesoma kwamba mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, anayezaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa mijini, alionekana Djibouti mwaka 2012 na sasa amefika Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Nakaa mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambako majumba ya ghorofa yana matangi ya maji juu ya paa. Ningependa kuchunguza kama kuna viluwiluwi kwenye matangi hayo, na ni vya mbu gani. Nina likizo Mei hadi Agosti. Je, kuna mtu kwenye maabara yako anayefanya kazi inayokaribiana na hii?"

Tazama kilichomo. Kuna swali, mahali, sababu ya swali kuulizwa sasa, na muda. Mwandishi hajajisifu hata kidogo, na bado nimejua anafikiri. Amenipa pia njia rahisi ya kumjibu: hata kama sina nafasi, nitamwelekeza kwa mwenzangu.

Swali lenyewe pia ni la saizi ya wiki kumi. Wiki mbili za kujifunza kutofautisha viluwiluwi kwa darubini na kuomba ruhusa kwa makeateka wa majengo, wiki tano za kupanda paa na kuchota maji, zilizobaki ni za kutambua sampuli, kupiga hesabu na kuandika. Na hata asipompata stephensi hata mmoja, amepata jibu. Kinyume chake, pendekezo lenye kichwa "Kutokomeza malaria nchini Kenya" hunifanya niogope kwamba mwandishi hajawahi kufikiria Jumatatu ya kwanza atafanya nini. Kamati hupima hilo kuliko kitu kingine chochote: je, huyu anajua ataanzia wapi?

Kuna jambo la vibali ambalo wanafunzi hawaambiwi mapema. Utafiti nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukihusisha watu au sampuli zao, lazima kamati ya maadili iupitie kwanza. Mapitio hayo yanaweza kumaliza likizo yako nzima. Kwa hiyo mwulize msimamizi: "Swali langu linaingia ndani ya kibali ulicho nacho tayari?" Kama haliingii, libadilishe mpaka liingie, au omba kufanyia kazi data zilizokwisha kukusanywa. Wapo wanaoidharau kazi ya data za zamani. Mimi siidharau, na nimeona wanafunzi wakijifunza takwimu humo kuliko walivyojifunza darasani.

Transkripti iombe mapema, hasa kama kuna alama ambazo hazijaingizwa. Na skani pande zote mbili. Kwenye vyuo vyetu alama 70 ni A, na ufunguo wa alama mara nyingi huchapishwa nyuma ya karatasi. Msomaji wa Marekani akiona 71 bila ufunguo huo atadhani ni mwanafunzi wa C, na hatakupigia simu kuuliza. Kama nyuma hakuna kitu, andika mstari mmoja kwenye wasifu wako: daraja la kwanza huanzia 70.

Kuhusu barua za mapendekezo, mpe mwalimu wiki tatu, na umpe karatasi moja yenye tarehe ya mwisho, jina la programu, somo alilokufundisha, alama uliyopata, na kitu kimoja ulichofanya ambacho yeye alikiona. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kukukumbuka kwa uso. Akiwa na hiyo karatasi ataandika barua. Bila hiyo ataandika cheti cha tabia njema.

Ukikubaliwa ng'ambo, kuna gharama zinazotangulia posho. Pasipoti unaiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwenda Nyayo House kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na foleni yake haisubiri ratiba ya mtu, kwa hiyo iombe hata kabla ya kupata nafasi. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kuna programu zinazosema zinalipa tiketi, kumbe zinakurudishia pesa baada ya safari. Familia nyingi hazina nauli ya ndege ya kukopesha chuo cha Ulaya kwa miezi mitatu. Waandikie mara tu upatapo barua ya kukubaliwa: tiketi mnainunua nyinyi moja kwa moja? Ada ya viza ni ya nani? Nimeona ofisi zikibadili utaratibu wao kwa sababu mwanafunzi aliuliza kwa adabu na mapema. Uliza pia posho ya kwanza inaingia siku gani. Kama ni mwisho wa mwezi, omba sehemu yake itangulie, na upate jibu kwa maandishi kabla hujasaini kukubali nafasi.