Kompyuta za kwanta: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Dhana iliyoenea zaidi, kwa mafundi simu wa mjini hadi kwa wanafunzi wa Malimbe, ni kwamba kompyuta za kwanta, zinazokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo mno kama elektroni, zinakuja kuzifuta hizi tulizozoea. Sivyo. Zinaunganishwa nazo. Huko Kobe, Japani, taasisi ya RIKEN ina mashine ya kwanta ya IBM kwenye kituo kilekile cha superkompyuta yake (kompyuta ya kawaida yenye nguvu kubwa mno), Fugaku. Watafiti wao walipochunguza molekuli ya chuma na salfa, kyubiti (vipashio vya msingi vya kompyuta ya kwanta) zisizozidi 77 zilionyesha mipangilio ya elektroni inayostahili kukokotolewa, kisha Fugaku ikabeba hesabu yenyewe. Mvuvi wa dagaa ataelewa upesi: taa huwakusanya mahali pamoja, wavu ndio huwatoa majini.

Hata kwanta ikikomaa, utegemezi huo utabaki. Kyubiti hukosea mno, na makosa yake husomwa na kompyuta ya kawaida papo hapo. Katika Willow, chipu ya Google ya kyubiti 105 iliyotangazwa Desemba 2024, mzunguko mmoja wa ukaguzi huchukua takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kompyuta inayosoma ikichelewa, makosa yanarundikana. Kwangu hii ndiyo habari kubwa kuliko majigambo yote ya kasi.

Wingi wa kyubiti nao haupimi ubora. Desemba 2023 IBM ilionyesha chipu mbili, Condor yenye kyubiti 1,121 na Heron yenye 133. Iliyoendelezwa ni Heron, kwa kuwa hukosea kidogo.

Vipi PIN ya pesa za simu? Tulieni. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 jinsi kompyuta ya kwanta inavyoweza kuvunja RSA, aina ya usimbaji (kuficha ujumbe kwa hesabu) inayolinda siri mtandaoni, lakini makadirio ya Craig Gidney wa Google ya 2025 bado yanataka karibu kyubiti milioni moja. Leo wanaomaliza salio ni matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Benki, hata hivyo, zisisubiri: siri iliyonaswa sasa inaweza kuhifadhiwa ifunguliwe baadaye, na viwango vipya vya usimbaji wa kuhimili kwanta vilitolewa Marekani Agosti 2024.

Wengine husema haya ni ya matajiri tu. Programu ya Qiskit, ya kuandikia maagizo ya kompyuta za kwanta, ni bure, na laptopu ya kawaida huiga kyubiti ishirini bila shida. Kila kyubiti inayoongezwa hudai kumbukumbu maradufu, ndiyo maana kwa uigaji kamili hata superkompyuta huelemewa zikikaribia 50.