Mvutano wa ukabila na uongozi kazini: mjue msuluhishi kabla hujaja

Malalamiko yanayotufikia hapa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Kigoma, si ya mishahara tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, mahali alikotoka, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Kumbughudhi mtu kwa misingi hiyo nako ni ubaguzi. Ila kupewa msimamizi mwanamke, au kijana uliyemzidi umri, si ubaguzi. Kwa hilo tusipotezeane muda.

Yakishindikana kazini, njooni CMA. Jaza Fomu Namba 1, utie saini, umpatie mwajiri nakala, kisha uilete Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Uthibitisho ni saini au muhuri wa mapokezi. "Nilimwambia kwa simu" hapana. Aliyeachishwa kazi ana siku 30, migogoro mingine siku 60 tangu ilipotokea. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine na kutoa sababu za msingi. "Nilisubiri hasira zipoe" haimo. Mlalamikaji asipofika kwenye usuluhishi, shauri linaweza kufutwa; mwajiri asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye.

Wengi huja wakitaka bosi akaripiwe. Msuluhishi hana rungu hilo. Kazi yake ni kuwasaidia mpate suluhu yenu wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 30.

Yanayosemwa mezani ni siri, hivyo mfano huu ni wa kubuni. Mtunza stoo, mwenyeji wa Kasulu, analalamika msimamizi anamwita "Mrundi". Msimamizi, aliyehamia kutoka mkoa mwingine, anasema akiingia tu wanaume wanahamia kwenye Kiha, lugha ya wenyeji, na maagizo yake hayafuatwi kwa kuwa ni mwanamke. Nimekwisha kuona karatasi za makubaliano zilizoandikwa "tutaheshimiana" basi. Hazisaidii. Andikeni: vikao ni kwa Kiswahili, ratiba ya zamu ibandikwe ubaoni kila Ijumaa, mzigo usitoke stoo bila agizo la maandishi, jina hilo lisitamkwe tena, na likitamkwa meneja alishughulikie siku hiyohiyo. Makubaliano yakishasainiwa yanazifunga pande zote, na yanaweza kutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Watumishi wa umma, wakiwemo walimu na wauguzi wa halmashauri, mnatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma. Msifunge safari kutoka Kakonko kwa shauri tutakalolazimika kulirudisha.