Kwa nini Hosea hakutaka Mungu aitwe "Baali"?

Katika Hosea 2:16, Mungu anaiambia Israeli kwamba siku inakuja itamwita Ishi, wala haitamwita tena Baali. Kwani walikuwa wakimwita Baali? Ndiyo.

Wengi tumezoea kusikia kwamba Waisraeli walimtupa Mungu wao wakahamia kwa Baali, kama mtu anayebadili dini. Hosea, aliyehubiri ufalme wa kaskazini kabla Samaria haijaanguka mwaka 722 KK, hasemi hivyo. Watu wake walishika sabato na sikukuu (2:11), wakaapa kwa jina la BWANA, yaani Yahweh (4:15). Ndiyo maana Hosea, anayeiona Israeli kama mke wa Mungu, anailaumu kwa uzinzi: aliyekwisha kuachika haitwi mzinzi, bali yule ambaye agano lake bado lipo. Wapo wanaosema uzinzi huo ni ukahaba wa mahekaluni tu. Hosea 4:14 yaweza kusomwa hivyo, ila ushahidi wa nje ya Biblia ni haba.

Ufunguo umo katika neno lenyewe. Kwa Kiebrania, baal ni neno la kila siku, na linafanya kazi karibu sawa na "bwana" letu. Mwenye ng'ombe katika Kutoka 21:28 ni baal wa ng'ombe. Bath-sheba alipomwombolezea Uria (2 Samweli 11:26), alimlilia baal wake, yaani mumewe. Sasa chukua mtaa ambao mume anaitwa Bwana, na jirani naye anajulikana kwa jina hilohilo tu, Bwana. Mke akisema, "Bwana kaniletea unga," kaleta nani?

Jirani wa Israeli alikuwa mungu wa mvua wa Wakanaani. Vibao vya Ugarit, mji wa kale wa Syria, vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1929, humwita mpanda mawingu. Mkulima wa vilima vya Samaria hakuwa na mto kama Nile. Alingoja mvua za Oktoba hadi Aprili, na nafaka, divai na mafuta vilipopatikana alimshukuru "Baali". Shukrani ikaingia nyumba ya pili. Hosea 2:8 inalalamikia hilo hasa: hakujua kuwa mimi ndiye niliyempa.

Zamani neno hili halikuwa na doa. Shujaa mmoja wa Daudi aliitwa Bealia (1 Nyakati 12:5), maana yake BWANA ni baal. Mwana wa Sauli aliitwa Eshbaali, lakini katika 2 Samweli ni Ishboshethi, na boshethi ni aibu. Katika vigae vya Samaria vilivyochimbuliwa mwaka 1910, ambavyo ni kumbukumbu za divai na mafuta za karne ya 8 KK, kimoja cha "mwaka wa 10" kinamtaja Gadiyau, jina lenye jina la BWANA ndani yake (-yau), na papo hapo Abibaali na Meribaali. Mchanganyiko wenyewe, kwa wino, kwenye kipande cha chungu!

Ishi nayo ni "mume wangu", neno ambalo hakuna mungu jirani aliyelibeba. Ndipo mstari wa 17 unaahidi kuondoa majina ya Mabaali, kwa wingi, kinywani mwa mke.